Mafaili niliyohifadhi nikiwa Ubuntu hayaonekani Windows: kosa liko wapi?

"Natumia laptop moja yenye Windows 11 na Ubuntu. Nasoma shahada ya uzamili Morogoro. Takwimu za wakulima nazichakata kwa programu ya R upande wa Ubuntu, tasnifu naiandika kwa Word upande wa Windows kwa sababu msimamizi wangu anaweka maoni humo. Diski ni SSD ya GB 512. Nimeigawa sehemu tatu, na sehemu ya D naifungua pande zote mbili. Mwezi uliopita Ubuntu ilianza kuifungua D kwa kusoma tu, ikakataa kuandika. Nilitafuta mtandaoni nikapata amri ya ntfsfix, nikaitumia, ikakubali. Wiki iliyofuata nimewasha Windows nikakuta folda ya Sura ya 4 haifunguki, inasema imeharibika na haisomeki, na mafaili mawili ya matokeo niliyohifadhi nikiwa Ubuntu hayapo kabisa. Fundi ameniambia Ubuntu inaharibu Windows, niiondoe na D ifomatiwe. Rafiki yangu anasema niibadilishe D iwe na mpangilio wa mafaili wa exFAT. Nifanye lipi? Na je, mafaili yangu yamekufa?"

Pole sana. Takwimu za kuzunguka mashambani na dodoso mkononi hazikusanywi mara ya pili kirahisi, na naelewa ulivyojisikia folda ilipogoma kufunguka. Naanza na la haraka. Usikubali D ifomatiwe, na kuanzia sasa usihifadhi chochote humo, kutoka upande wowote. Windows ikitaka kuikagua diski wakati inawaka, bonyeza kitufe ilichokuelekeza ili iruke ukaguzi huo kwa leo. Faili lililotoweka kwenye orodha mara nyingi bado lipo kwenye diski. Kinachokuja kulimaliza ni kitu kipya kuandikwa mahali pake.

Sasa nikuondolee hofu moja: Ubuntu haiharibu Windows. Watu wengi wanatumia mifumo hii miwili kwenye kompyuta moja miaka nenda miaka rudi, wanachangia sehemu moja ya diski, na hawapotezi kitu. Kwako tatizo ni kwamba Windows ulidhani umeizima, kumbe ilikuwa imelala.

Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ukibonyeza Shut down kompyuta haizimiki kabisa. Programu zako zinafungwa, lakini kiini cha Windows kinajiandika kilivyo ndani ya faili kubwa liitwalo hiberfil.sys, ili kesho kiamke badala ya kuanza upya. Mpango huu unaitwa Fast Startup, na kwenye kompyuta nyingi huja umewashwa. Katika yale yanayohifadhiwa humo yamo pia yote ambayo Windows inayakumbuka kuhusu D: faili gani liko wapi, nafasi gani iko wazi, folda ipi ina nini.

Fikiria duka lenye wauzaji wawili na daftari moja la madeni. Wa kwanza anaondoka jioni akiwa amenakili kurasa za leo kwenye karatasi, ameiweka mfukoni. Wa pili anaingia usiku, anauza, anaandika madeni mapya daftarini. Asubuhi wa kwanza anarudi. Daftari halifungui, kwa sababu anaamini karatasi yake. Mteja mpya akija, anaandika kwenye mstari anaodhani uko wazi, juu ya deni la usiku. Ndivyo Windows yako ilivyoifanyia D. Iliamka na ramani ya juzi, ikaandika juu ya mambo ambayo Ubuntu iliyapanga jana. Mafaili mawili yaliyopotea hayakuwemo katika ramani hiyo. Folda ya Sura ya 4 imeharibika kwa sababu pande zote mbili ziliigusa, kila upande ukifuata ramani yake.

Kumbe Ubuntu ilipokataa kuandika ilikuwa inakulinda. Programu ya ntfs-3g, inayosoma diski za Windows kwenye Linux (familia ya mifumo ambayo Ubuntu imo), ina ujumbe maalumu kwa hali hii. Kwa Kiswahili ungesema: taarifa za mafaili bado ziko kwenye kumbukumbu ya Windows, nimekataa kufungua. Nayo ntfsfix, licha ya jina lake, hairekebishi mengi. Inasahihisha mambo machache ya msingi, inalifuta jarida ambalo NTFS, mpangilio wa mafaili wa Windows ulioko kwenye D, hulitumia kurudisha mambo sawa baada ya hitilafu, kisha inaiachia Windows kazi ya kukagua. Lakini Windows iliyoamka kutoka usingizini haina habari kwamba kuna cha kukagua. Hukufanya kosa la kizembe. Ushauri huo umejaa mtandaoni, na wanaoutoa mara nyingi hawakuelezi kwamba mlango ulikuwa umefungwa kwa sababu.

Tuje kwenye uokoaji. Tafuta diski ya nje iliyo kubwa kuliko D. Washa Ubuntu, andika lsblk, uone D inaitwaje huko. Kwa SSD za kisasa jina litafanana na nvme0n1p4, ingawa namba ya mwisho hutofautiana. Kama imeshajifungua yenyewe, ifunge, halafu uifungue kwa kusoma tu:

sudo mount -o ro /dev/nvme0n1p4 /mnt

Hayo maneno mawili, -o ro, ndiyo yanayozuia kuandika. Nakili kila kinachofunguka kwenda diski ya nje, ukianza na data ghafi za dodoso. Usishangae Ubuntu ikiona kitu ambacho Windows haikioni, au kinyume chake. Nakili tu.

Baada ya hapo ifunge D tena, kisha tengeneza nakala yake nzima, chembe kwa chembe, kwa programu ya ddrescue ambayo Ubuntu inaiita gddrescue wakati wa kuisakinisha. Hapa nakuomba utulie. Kwenye amri hiyo chanzo kinatangulia na mahali pa kupokelea panafuata. Ukivigeuza, unaandika juu ya kile unachotaka kukiokoa. Mkono ukisita, acha. Mtafute mtu anayeijua amri hiyo akae pembeni yako, kwa sababu hakuna haraka maadamu D haiandikwi.

Nakala ikiwa salama pembeni, ndipo urudi Windows, ufungue dirisha la amri kama msimamizi na uandike chkdsk D: /f. Ukaguzi huu ndio wa kweli kwa NTFS, lakini lengo lake ni kuiweka sawa orodha ya mafaili. Kipande kisichoeleweka inaweza kukikata. Ndiyo maana nimesisitiza nakala itangulie. Ikimaliza, washa uonekanaji wa mafaili yaliyofichwa kisha utafute folda iitwayo found.000. Vipande visivyo na mwenyewe hutupwa humo kwa majina yanayoishia na .chk, na pengine Sura ya 4 iko hapo. Mara nyingi hati ya Word hufunguka ukibadilisha mwisho wa jina kuwa .docx.

Visipopatikana, kuna TestDisk na PhotoRec, programu za kuokoa mafaili, zote za bure, na zote unaziendesha kwenye ile nakala bila kuigusa D yenyewe. PhotoRec haitazami orodha ya majina. Inapekua diski ikitafuta alama za mwanzo wa kila aina ya faili, kwa hiyo usitarajie jina lako la zamani. Kama matokeo yako uliyahifadhi kwa amri ya R iitwayo saveRDS, usitafute .rds kwenye yaliyookolewa, tafuta .gz, kwa sababu kwa kawaida faili la .rds ni data iliyobanwa kwa gzip. Zile za .csv ni maandishi matupu yasiyo na alama, na utazikuta katikati ya rundo la .txt.

Sitakuahidi kwamba yote yatarudi. SSD zina tabia ya kusafisha nafasi ambazo mfumo umeziambia haziko kazini, na kilichosafishwa namna hiyo hakirudi kwa programu yoyote. Lakini kuna habari njema katika maelezo yako mwenyewe. Yaliyopotea ni matokeo. Kama data ghafi na msimbo wako wa R vipo, matokeo hayo unaweza kuyazalisha upya kwa kuuendesha msimbo, pengine jioni moja tu.

Nikujibu sasa kuhusu exFAT, maana rafiki yako hakukosea kabisa. Mifumo yote miwili inaijua. Microsoft iliiweka wazi mwaka 2019 na Linux ikaanza kuisoma yenyewe mwaka huohuo. Pia haina kikomo cha GB 4 kwa faili moja ambacho watu wanakijua kutoka FAT32. Kwa flashi au diski ya nje ya kubebea picha, naipendekeza. Kwa D yako siipendekezi, kwa sababu mbili. Kwanza haina lile jarida, hivyo umeme ukikatika au betri ikiisha katikati ya kuandika, haina pa kujikumbushia, na sote tunajua umeme wetu. Pili, haitibu ugonjwa wako. Windows iliyolala ina ramani ya zamani ya exFAT vilevile kama ya NTFS. Ungehama nyumba ukamchukua panya naye.

Kinachotibu ni kuizima Windows kweli. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika:

powercfg /h off

Hapo lile faili la hiberfil.sys linafutwa, Fast Startup inaondoka nalo, na unarudishiwa nafasi ya GB kadhaa kwenye C. Naipendelea njia hii kuliko kuiondolea Fast Startup alama ya vema kwenye mipangilio ya umeme, kwa sababu nimeona masasisho makubwa yakiirudisha alama hiyo bila mwenye kompyuta kujua. Gharama yake uijue. Windows itachelewa kuwaka kwa sekunde chache, jambo ambalo kwenye SSD utalisahau baada ya siku mbili. Pia laptop haitaweza tena kujihifadhi kwenye diski betri inapokaribia kuisha, kwa hiyo zoea kuhifadhi kazi kabla ya kufunga kifuniko. Ukiazima kompyuta isiyo yako ambayo huwezi kubadilisha kitu, chagua Restart badala ya Shut down, halafu uchague Ubuntu inapowaka. Restart huifunga Windows kabisa, ingawa wengi hudhani ndiyo nyepesi kati ya hizo mbili.

Kanuni hiyohiyo inaihusu Ubuntu. Usiilaze kwenye diski ikiwa na D wazi kisha ukawasha Windows.

Kwa upande wa Ubuntu, ningependa D ijifungue kwa masharti yanayoeleweka, badala ya kuibonyeza kila siku. Mstari mmoja kwenye faili la /etc/fstab unatosha, nao unatumia UUID ya D, yaani namba yake ya utambulisho, ambayo utaipata kwa amri ya blkid:

UUID=xxxx /mnt/data ntfs-3g uid=1000,gid=1000,umask=022,windows_names,nofail 0 0

Neno nofail linaifanya Ubuntu iwake hata D ikiwa na tatizo. Neno windows_names linakuzuia kutengeneza jina ambalo Windows haitaweza kulifungua. Linux haina shida na faili liitwalo "Mahojiano 10:30", lakini Windows haikubali nukta mbili wala alama ya kuuliza katika jina. Angalia pia herufi kubwa na ndogo. Kwa Linux, Ripoti.docx na ripoti.docx ni mafaili mawili, ilhali Windows itayachanganya.

Halafu kuna saa. Umewahi kuona Ubuntu inakuonyesha saa tisa alasiri wakati ni saa sita mchana? Windows huiandika saa ya ubao wa kompyuta kwa saa za hapa, nayo Ubuntu huisoma kama saa za dunia, kisha inaongeza saa tatu zetu. Intaneti ikipatikana Ubuntu inajirekebisha, na safari hii Windows ndiyo inayorudi nyuma saa tatu. Kwa mtu anayetumia programu ya kulinganisha mafaili kwa kanuni ya "lililo jipya zaidi libaki," hilo si dogo, kwa sababu hati ya asubuhi inaweza kuifuta ya mchana. Andika timedatectl set-local-rtc 1 kwenye Ubuntu. Itakuonya kwamba si njia bora, na kwa nchi zinazobadilisha saa majira ya joto na baridi onyo hilo ni la haki. Sisi Afrika Mashariki saa zetu hazibadiliki mwaka mzima, kwa hiyo usiogope.

Kuna jambo ambalo fundi wako na rafiki yako hawakuligusa, na mimi ndilo linaloniumiza zaidi. D si nakala ya akiba. Ni chumba cha tatu katika nyumba ileile, na nyumba ikiungua haikuulizi ulikuwa unalala chumba gani. SSD ikifa, laptop ikiibwa kwenye basi, kirusi cha kufunga mafaili kikiingia kupitia Windows, vyumba vyote vitatu vinaondoka pamoja. Kwa tasnifu yako nataka nakala tatu: inayofanyiwa kazi, moja kwenye diski ya nje unayoichomoa baada ya kunakili, na moja mbali na chumba chako, iwe kwa ndugu au kwenye hifadhi ya mtandaoni ya chuo. Kuchomoa ni lazima, maana diski inayobaki imechomekwa inapatwa na yote yanayoipata laptop. Kila mwezi fungua faili moja kutoka kwenye nakala hiyo, ulisome hadi mwisho. Nimekutana na watu waliokuwa na nakala za mwaka mzima za mafaili yasiyofunguka, na waliligundua hilo siku walipoyahitaji.

Ningekushauri pia upunguze kazi ya D. Ifanye kama baraza la nyumba, mahali pa kukutania, si pa kulala. Miradi ya R yenye mafaili mengi madogo iweke kwenye folda yako ya nyumbani ndani ya Ubuntu, na kwenye D upeleke majedwali na michoro iliyokamilika ambayo Word inaihitaji. Yale ambayo pande zote mbili zinayagusa yakiwa machache, ya kuharibika nayo yanakuwa machache.

Na niulize kwa nia njema: unaihitaji kweli mifumo miwili? R inafanya kazi vizuri ndani ya Windows, na hata QGIS, kama unachora ramani za mashamba. Kama umezoea Linux na unaipenda, baki nayo, nami nitakuunga mkono. Lakini kama uliweka Ubuntu kwa sababu tu mwalimu wa takwimu aliitumia, miezi hii ya mwisho kabla ya utetezi ingekuwa na utulivu zaidi ukikaa upande mmoja.

Kwa kuwa Ubuntu imekuwa ikiifungua D bila kukuuliza ufunguo, ni wazi haijafungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda diski. Maana yake majina na namba za simu za wakulima ziko wazi kwa yeyote atakayeishika laptop yako, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu wewe uliyezikusanya. Angalau tenganisha majina na majibu, faili la majina ulifungie kwa nenosiri. Sehemu ya C ni habari nyingine. Windows 11 za toleo la 24H2, zikisakinishwa upya na mtu akaingia kwa akaunti ya Microsoft, hujifunga zenyewe kwa ufunguo. Kabla hujagusa mpangilio wowote wa kuwasha kompyuta, ingia kwenye akaunti hiyo, utafute ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48, uuandike kwenye karatasi. Ukibadilisha mpangilio mmoja tu, kompyuta inaweza kuudai ufunguo huo kesho asubuhi, na usipokuwa nao hakuna fundi wa kukusaidia.

Peleka kompyuta kwa mtu, usiendelee peke yako, kama diski haionekani kabisa kwenye lsblk, kama inapotea na kurudi, kama ddrescue inaripoti makosa mengi ya kusoma, au kama laptop iliwahi kumwagikiwa maji. Hapo shida ni ya kifaa, na kila ukikiwasha unakipunguzia maisha. Ukifika kwa fundi muulize kwanza kama atatengeneza nakala kamili ya diski kabla ya kuigusa. Akikujibu kwamba ataanza kwa kufomati, ichukue kompyuta yako, umshukuru, uondoke.

Wakati ddrescue inaendelea, na itachukua saa kadhaa, chukua simu ufungue barua pepe ulizomtumia msimamizi wako. Umesema anaweka maoni ndani ya Word, basi kila sura aliyoisoma iko kwenye kisanduku chako cha zilizotumwa na kwenye majibu yake. Tafuta Sura ya 4 hapo kabla hujaanza kuiandika upya.